Fedha Isiyokuwapo: Namna ya Kuikagua Spitfire ya Plastiki

Spitfire iliyopewa nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya ndege za plastiki niliyohudhuria majuzi ilikuwa imechubuka kama sufuria ya mama ntilie. Rangi ya fedha kila mahali: kwenye mabawa, kwenye usukani wa mkia, kwenye kiti cha rubani, hata kwenye ncha za rafadha. Watu walipanga foleni kuipiga picha. "Tazama ilivyochakaa!" walisema, kana kwamba kuchakaa ni sifa. Nilinyamaza kwa adabu. Adabu yenyewe imeisha, ndiyo maana naandika.

Mambo ya msingi nayapita haraka. Maungio yasionekane. Kioo kisiwe na ukungu wa gundi. Stika zilale kama rangi. Zikionyesha weupe pembeni, mtu alizibandika kabla ya kupiga vanishi ya kung'aa, na hapo hakuna dawa. Mabaka kwenye skeli ya 1:72 yawe na ukingo mkali, ya 1:32 yafifie kidogo. Usiniulize kwa nini. Na Spitfire haiwekwi juu ya kipande cha kioo cha kujitazamia. Hilo nalo halina mjadala.

Mistari ya paneli inanichosha zaidi. Mstari wa milimita 0.3 kwenye 1:48 ni sawa na ufa wa zaidi ya milimita 14 kwenye ndege halisi. Kiwanda gani kilitoa ndege ya vita yenye ufa unaoingiza kidole? Waingereza wenyewe waliwahi kugundisha njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ribiti bapa za Spitfire, ili waone ribiti za kichwa cha mviringo zingepunguza kasi kiasi gani. Kasi ilipungua kweli. Wakawa wanazibandua safu kwa safu, wajue ni wapi ribiti rahisi zingevumilika na wapi hapana. Watu waliohangaika na unene wa njegere, leo unawachorea mitaro kwa wino mweusi na kuiita "uhalisia".

Lakini tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mwanagenzi hujianika. Yeye hufikiri hivi: ndege ni bati, bati likichubuka hung'aa, basi nichovye sifongo kwenye rangi ya fedha nigongegonge. Hajiulizi swali moja tu: chini ya rangi hii kuna nini?

Usukani wa mkia wa Spitfire ulivikwa kitambaa. Eleveta pia, na eleroni vilevile, mpaka za bati zilipoingia mwaka 1941. Kitambaa huchanika, hushonwa, hubandikwa kiraka, hakitoi fedha. Kiti cha rubani nacho, kwenye nyingi ya ndege hizi, kilifinyangwa kwa karatasi na gundi ya plastiki, rangi yake hudhurungi yenye wekundu. Ukikipaka kijani kisha ukakikwaruza kwa fedha, umekosea mara mbili kwenye kitu kimoja. Halafu rafadha. Ile ya kampuni ya De Havilland ilikuwa na panga za bati, sawa, ikwaruze. Ya Rotol ilikuwa na panga za mbao zilizoshindiliwa. Kwenye toleo la Mk I unaitambua kwa pua yake butu. Kwenye Mk IX yenye panga nne, usihangaike kutafuta bati. Ndege niliyoisema hapo juu ilikuwa na pua butu kabisa, na panga zinazometameta kama nyembe.

Hata penye bati, fedha haimwagwi popote. Kwa miaka kadhaa alikuwa akija mezani kwetu kwenye maonyesho fundi mstaafu wa ndege, mtu wa Mombasa, ambaye hakuwahi kugusa plastiki maishani. Aliinama mbele ya kazi moja iliyosifiwa mno, akaizunguka, kisha akamuuliza mwenyewe taratibu: "Mwanangu, huyu rubani kapandia wapi?" Kijana hakuelewa. Mlango mdogo wa Spitfire uko upande wa kushoto. Rubani alikanyaga shina la bawa la kushoto kila siku, tena na buti, na fundi aliyemfunga mikanda alikanyaga hapohapo. Ile ndege ilikuwa imechakaa sawasawa kushoto na kulia. Mzee hakuongeza neno, akaenda kunywa chai.

Tena ndege nyingi za mapigano ya kiangazi cha 1940 juu ya Uingereza hazikuishi muda wa kuchakaa namna hiyo. Ziliangushwa zikiwa bado mpya.

Wadanganyifu nao wana mbinu zao. Nimeona moshi wa ekzosi uliopakwa mpana kupita kawaida, na chini yake, ukimulika kwa tochi, kuna ufa wa bawa ambao haukujazwa puti. Mwenyewe alipoulizwa alisema hiyo ni ndege ya Malta, huko vumbi lilikuwa jingi. Mwingine hufunga kioo cha rubani kila mara, kwa sababu ndani hakuna kitu. Yupo pia anayeigandisha ndege kwenye kibao chenye nyasi ndefu, tumbo lisionekane milele.

Ukitaka kujua ubingwa ni nini, nenda jumba la makumbusho la RAF kule Hendon ukaitazame Spitfire ya David Glen, skeli 1:5, iliyomchukua zaidi ya miaka 11. Ngozi yake ni alumini ya kweli, na ribiti ni ribiti. Simama mbele yake na utafute mchubuko wa kujionyesha. Hutauona.

Zamani Airfix ilikuja ndani ya mfuko wa plastiki wenye kadi ya karatasi juu, na maungio yake yalihitaji msasa wa usiku kucha. Tulipaka kwa brashi, kutoka vikopo vya Humbrol vya mililita 14, huku tukiikodolea macho picha ya kadini aliyoichora Roy Cross na kuona haya. Leo Spitfire ya Tamiya ya mwaka 2018 inajiunga karibu bila gundi. Kazi imekuwa rahisi, basi watu wanatafuta pa kujionyesha, na wamepaona kwenye kichupa cha fedha.

Naomba jambo moja kwa waandaaji wa mwakani: wapeni waamuzi tochi, waruhusuni waigeuze ndege juu chini, na mwamuzi asiyejua panga za Rotol zilitengenezwa kwa kitu gani apangiwe meza ya vifaru.