Nani 'Sisi' katika Kumbukumbu za Sinema za Nairobi?

Kuna aina ya maandishi ambayo imekwisha kuota mizizi nchini Kenya lakini bado haijapewa nafasi katika uhakiki wetu. Nayo ni kumbukumbu za majumba ya sinema ya katikati ya jiji la Nairobi: Kenya Cinema, 20th Century, Nairobi Cinema, Odeon, Globe, Cameo. Hupatikana magazetini, katika tawasifu, hata katika wasifu usomwao mazishini, na fani yake imekuwa thabiti kiasi kwamba msomaji aliyeizoea aweza kuitabiri. Huanza na foleni ya Jumamosi alasiri. Hufuata mavazi, hasa suruali pana na viatu vya visigino virefu vya miaka ya 1970. Kisha huja majina ya filamu, giza la ukumbi na tochi ya mwonyesha viti. Mwisho ni maombolezo: ukumbi umegeuzwa kanisa, au maduka, au umefungwa tu. Kiwakilishi kinachoyabeba yote hayo ni kimoja: 'sisi'. Sisi tulikuwa tukienda, sisi tuliona.

Makala haya yanakusudia kukihoji kiwakilishi hicho. Si kwa sababu kumbukumbu hizo ni za uongo, la hasha. Nyingi zimeandikwa kwa uaminifu na baadhi kwa ufasaha mkubwa. Tatizo ni kwamba anayesema 'sisi' huwa ameingia ukumbini. Ushahidi wa lugha, kama nitakavyojaribu kuonyesha, unatuambia kwamba sehemu kubwa ya maisha ya sinema hizo iliendelea nje ya mlango, na kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyozungumza Kiswahili.

Yafaa tukumbuke kwanza mlango wenyewe ulikuwa wa nani. Cameo ya Kenyatta Avenue ilizaliwa ikiitwa Theatre Royal, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kuwaburudisha walowezi kwa michezo ya jukwaani, muziki na filamu. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema, na katika miongo iliyofuata wakaguzi walizipitisha filamu fulani kwa Wazungu huku wakizikataza kwa Waafrika. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walitoka Machakos wakaenda Nairobi, wakakaa huko kwa wiki kadhaa kupinga kuuzwa kwa nguvu kwa mifugo yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, leo ana mtaa unaofika Kenyatta Avenue. Wakati ule hakuna hata mmoja wao ambaye angefikiriwa kuwa mtazamaji wa Theatre Royal.

Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka mlangoni, lakini bei ya tikiti ilibaki, na juu ya kiwambo lugha zilikuwa Kiingereza na Kihindi. Uhakiki wetu uliwahi kuuliza swali la umilikaji kuhusu jukwaa. Mgogoro wa Oktoba 1976, pale Kenya National Theatre ilipozipa siku chache tu *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, pamoja na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga, umeandikwa na kuandikwa tena. Wala sina haja ya kuurudia. Ajabu ni kwamba swali hilo halikuvuka barabara likaingia sinema.

Tanzania limeulizwa, na lilijibiwa kwa namna tofauti kwa kuwa hali yenyewe ilikuwa tofauti. Laura Fair, katika kitabu chake *Reel Pleasures* cha mwaka 2018, anaonyesha jinsi wenye sinema wa Zanzibar na bara walivyowategemea watazamaji Waafrika tangu mapema, na jinsi filamu kama *Awara* ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilivyojadiliwa vibarazani na watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Mjini Zanzibar ukumbi wa Royal wa mwaka 1921, na Majestic uliochukua mahali pake mwaka 1955, ilikuwa sehemu ya mji, si kisiwa ndani ya mji. Kazi hii ni kubwa, na yeyote atakayeandika juu ya sinema za Nairobi atalazimika kupimwa nayo. Hata hivyo imeandikwa kwa Kiingereza, na sauti za waliohojiwa zinatufikia kwa tafsiri. Mwanahistoria ametosheka, sisi wa lugha hatujatosheka, kwa maana tunachokitaka ni maneno yenyewe.

Maneno hayo hayako mbali. Anayesafiri kutoka Machakos kuingia Nairobi kwa Barabara ya Mombasa hupita kituo cha Bellevue, jina lililokuwa la sinema ya kutazamwa kutoka ndani ya gari. Akifika mjini atasikia makanga wakiita Odeon na kuuliza nani anashukia Globe. Wengi wa waitao na waitwao hawakuwahi kuona filamu mahali hapo, na vijana hawajui kwamba kulikuwa na filamu ya kuonwa. Kumbukumbu iliyoandikwa huomboleza kwamba Globe imekufa. Katika kinywa cha makanga Globe hutajwa mara mia kwa siku. Sisemi kwamba jina la kituo ni kumbukumbu kamili. Nasema kwamba hili ni hifadhi ya umma, imewekwa na watu wasio na tikiti, na mwandishi wa 'sisi' huipita bila kuisikia.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi ni wa usimulizi. Nilikulia Kathiani, upande wa pili wa vilima vya Iveti, mahali ambapo hapakuwa na jumba la sinema. Hata hivyo filamu tulizijua. Mjomba wangu alikuwa bawabu wa usiku wa duka katikati ya Nairobi, na kila alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alitusimulia filamu. Ngano za nyanya tulizisikia kwa Kikamba. Filamu za mjomba zilikuwa kwa Kiswahili, na nyanya alipolalamika kwamba ameachwa nyuma, mjomba alimtupia sentensi mbili tatu za Kikamba kisha akarudi alikokuwa. Mkasa wa *Sholay*, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, niliusikia hivyo katika miaka ya 1990.

Mwaka jana nilimrekodi akiisimulia tena. Nilichokiona katika unukuzi ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Sote twajua kwamba ngano ya Kiswahili huanza na *-li-* ikaendelea na *-ka-*: alitoka, akaenda, akamkuta. Mjomba, ambaye katika mazungumzo ya kawaida hutumia *-ka-* bila shida yoyote, huiacha karibu kabisa anapoingia katika filamu. 'Sasa huyu anaingia. Anaangalia hivi. Hajui yule yuko nyuma ya mlango. Unamwona?' Njeo ni *-na-*, na sentensi ni fupi. Zaidi ya hayo, vionyeshi vimejaa: *huyu*, *yule*, *pale*, *hivi*. Katika ngano kionyeshi hurejelea mhusika aliyekwisha kutajwa. Hapa kinaelekeza kidole kwenye kitu ambacho hakipo, katika chumba chenye taa ya mafuta, mbele ya watu ambao hawajakiona na hawatakiona. Na lile swali 'unamwona?' si mapambo. Tulijibu 'ndiyo', na tulikuwa tunamwona.

Hii si ngano iliyobadilishwa nguo. Ni utanzu wenye sarufi yake. Una istilahi zake pia: *staringi*, ambaye Tanzania huitwa *steringi*, na *adui*, majina mawili ambayo kazi yake ni kama ya Sungura na Fisi, kwa kuwa humpa msikilizaji maadili ya mhusika kabla hajatenda lolote. Una tanakali zake za ngumi na bastola. Una kanuni yake kuu, kwamba staringi hafi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyonifichulia jambo. Niliitazama *Sholay* kwa mara ya kwanza nikiwa masomoni ng'ambo, katika chumba cha mwanafunzi mwenzangu, na nilishtuka Jai alipokufa. Katika *Sholay* ya Kathiani Jai hafi. Anapigwa risasi, anaanguka darajani, na anarudi. Tena, katika filamu majambazi wa Gabbar Singh huwatoza wanakijiji nafaka. Kwetu walichukua ng'ombe. Sidai kwamba mjomba alikusudia kuukumbuka mwaka 1938, ingawa baba yake alikuwa mtu wa umri wa kuukumbuka. Nadai tu kwamba katika Ukambani mtu mwovu mwenye bunduki hachukui nafaka akaacha ng'ombe, na msimulizi alilijua hilo kuliko mwandishi wa filamu.

Nilipomuuliza juu ya Jai, mjomba alicheka. 'Mpwa wangu, mimi sikuingia,' akasema. Lindo lake lilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka sinema. Aliyatazama mabango jioni kabla ya kuanza kazi, na filamu ilipokwisha aliwasikiliza watu waliosimama nje kungoja mabasi, wakibishana kwa Kiswahili nani alimpiga nani na kwa nini. Wengine walisema Jai amekufa, wengine walisema ni ujanja wa filamu, atarudi. Aliwaamini hawa wa pili. Kati ya filamu alizotusimulia kwa miaka mingi, zile alizoziona kwa macho yake, kwa hesabu yake mwenyewe, hazifiki nne.

Mhakiki wa 'sisi' ataliita jambo hili udanganyifu. Mimi naona ni mapokezi kwa maana yake kamili: kazi imepokewa kutoka kwa kundi, ikachaguliwa kati ya matini mbili zinazogombana, ikapelekwa kwa kundi lingine. Tungeyaona mambo hayo hayo katika utenzi au ngano tungeandika tasnifu. Yumkini tumeyapuuza kwa sababu chanzo ni kiwanda cha Bombay au Hollywood, na tumezoea kufikiri kwamba sinema iliua usimulizi. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi, na niliyoyasikia Kathiani yanaikanusha.

Wala si Kathiani peke yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, ulizungusha filamu zake Afrika Mashariki pamoja na maelezo ya lugha za wenyeji yaliyorekodiwa katika sahani za santuri. Wakoloni hao walitambua, kwa malengo yao, kwamba picha haitembei bila msemaji. Katika zama za video, Lufufu kule Dar es Salaam na DJ Afro hapa Kenya wamejipatia wasikilizaji wengi kwa kuweka Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Mara nyingi huchukuliwa kama watoto wa teknolojia mpya, na wasomi wa lugha wameonyesha wasiwasi juu ya 'uchafu' wa Kiswahili chao. Wasiwasi huo haunishughulishi sana. Sikiliza vionyeshi vya DJ Afro na njeo yake: ni sarufi ya mjomba, isipokuwa kwamba sasa picha ipo na kidole kina pa kuelekea.

Rekodi ya mjomba ina dakika arubaini na moja. Nilipoipeleka kwenye hifadhi moja ya sauti nilipewa fomu yenye nafasi ya utanzu: ngano, hekaya, wimbo, methali, kitendawili, mengineyo. Aliyeipokea alitia alama kwenye 'mengineyo', na mahali pa mtunzi akaandika jina la mwelekezi wa filamu. Niliomba fomu nyingine. Nikaandika jina la mjomba, na nafasi ya utanzu nikaiacha wazi.