Wembamba wa Unywele

Kabla jua halijapanda juu ya bahari ya Raskazone, naingiza mkono wa kulia ndani ya mfuko mtupu wa mkate na kuupitisha taratibu juu ya boneti. Gari limeshaoshwa, limeshakaushwa, na kwa macho ni safi. Lakini kupitia nailoni ile nyepesi vidole vinakuta yasiyoonekana: punje baada ya punje, kama chumvi iliyomwagika mezani. Ni chembe za chuma zilizotoka kwenye breki, vumbi la saruji na chokaa, matone ya utomvu yaliyoganda. Jicho limeridhika, mkono bado. Kazi ninayotaka kuisifu inaanzia hapo.

Gari lenyewe ni Toyota Carina ya mwaka 1998, rangi ya bluu iliyokolea, lililoshuka melini kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo mengi ya hapa Tanga. Kwa miaka kadhaa niliosha kama nilivyoona wengine wakiosha: ndoo moja, sabuni ya unga, sponji kuukuu, jua la saa sita. Siku nyingine nililipeleka mahali pa kuoshea magari. Siku moja nikaona sponji ikimponyoka kijana, ikaanguka mchangani, akaiokota na kuendelea. Nilinyamaza. Jioni, jua lilipoinama, boneti nzima ilikuwa imetandwa na nyuzinyuzi kama utando wa buibui.

Nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja fundi rangi, nikiwa nimejiandaa kulipia kupuliziwa upya. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Hakuligusa gari. Alichuchumaa, akalitazama ubavuni, akasogea hatua mbili, akalitazama tena. Kisha akasema, "Rangi haijafa hii. Imekwaruzwa tu. Lakini ujue jambo moja: kila ukisugua, unapunguza. Hakuna polishi inayoongeza rangi."

Nimeishi na maneno hayo. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, tangu ile ya kuzuia kutu hadi juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kama karatasi moja ya daftari. Na ile klia ya juu, tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'aro wote, mara nyingi ni maikroni 40 au 50 tu. Unywele wa mtu hukaribia 70. Kwa hiyo mtu anayeshika kitambaa na kampaundi ya kusugulia rangi anafanya kazi ndani ya kitu chembamba kuliko unywele, na ndani ya wembamba huo mna viambato vinavyoikinga rangi na miale ya jua. Klia ikiisha, jua la pwani halina huruma: paa linapauka, linababuka, linatoka magamba. Tunayaona magari hayo kila kituo cha daladala, na mengine yalifikishwa hapo na upendo wa kusugua.

Ndiyo maana nasema ufundi huu unapimwa kwa kile kinachobaki. Seremala naye hupunguza, hata msasa tunaoununua dukani umerithi jina la mti wa msasa, ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumika kulainisha mbao. Lakini seremala ana ubao mzima mbele yake. Mwenye gari ana maikroni 40, na hazitoki dukani.

Basi ung'arishaji ulio bora ni ule usiohitajika, na siri yake imo katika kuosha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo rangi nyingi zinapoharibiwa. Osha alfajiri, bodi ikiwa baridi. Kivuli ni kizuri, ila si kivuli cha mwembe, kwa sababu ya utomvu na kwa sababu ya kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, na kinyesi chao kikipata saa chache za jua huila klia na kuacha alama isiyofutika kwa maji. Ukikikuta, usikikwangue. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa, ukipe dakika kadhaa kilainike, kisha ukiinue.

Maji matupu yatangulie, mengi, yateremshe mchanga kabla kitu chochote hakijaigusa rangi. Halafu ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji safi ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila baada ya mlango mmoja. Anayetumia ndoo moja anauchukua mchanga wa mlango wa kwanza na kuukabidhi wa pili. Anza na paa, shuka. Magurudumu na sehemu za chini ziwe za mwisho, na ziwe na kitambaa chao. Mkono uende kwa mstari ulionyooka, mbele na nyuma. Usizungushe. Na sabuni ya unga iachie nguo: ilitengenezwa kung'oa mafuta, na nta uliyoipaka jana itaondoka nayo.

Kisha kuna maji yenyewe. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na tone la maji ya kisima likikaushwa na jua huacha duara jeupe lililoshikilia kama chokaa. Mimi hukinga maji ya mvua kutoka bati la nyumba na kuyatunza kwenye madumu mawili kwa ajili ya suuzo la mwisho tu. Maji ya mvua hayana chumvi ya ardhini. Gari lililosuuzwa nayo hukauka bila doa, na sijaona dawa ya dukani iliyoyashinda.

Zile punje zilizosikika kwa mfuko wa mkate zina dawa yake: udongo laini wa kusafishia rangi, unaokandwa kama donge la chapati na kutelezeshwa juu ya maji yenye shampuu. Unapita kwa sauti ya mkwaruzo mdogo, kisha sauti inafifia, kisha kimya. Hapo uso umekuwa kioo. Donge likianguka chini, litupe, hata kama ni jipya. Nilitamani yule kijana wa sponji angeambiwa hivi na aliyemfundisha kazi.

Kuhusu kusugua kwenyewe, yafaa kujua kwanza unachokiona. Mikwaruzo ya boneti yangu haikuwa ya mviringo. Ilikwenda kila upande, ila ile tu iliyolala kukingama na mwanga ndiyo inayorudisha mng'ao jichoni, na hivyo utando wa buibui huonekana ukilizunguka jua, au tochi ukiimulika usiku. Kila mkwaruzo ni bonde. Polishi hailijazi bonde, bali hushusha ardhi ya pembeni mpaka ilingane na sakafu ya bonde. Zipo zenye mafuta ya kujaza kwa muda, mvua mbili tatu zikipita bonde limerudi. Kwa hiyo pitisha ukucha. Ukikwama, mkwaruzo huo ni wa kina, uache na uishi nao. Usipokwama, chagua polishi iliyo laini kuliko zote ulizonazo, ijaribu mahali padogo pasipoonekana haraka, na uongeze ukali pale tu ulaini uliposhindwa. Kingo za milango na mikunjo ya boneti zibandikie utepe wa karatasi, kwa kuwa rangi ikiwa mbichi hujivuta kuzikimbia kingo, na pale huwa nyembamba kuliko kwingine kote. Kitambaa kikishika rangi ya gari, jua kuwa gari hilo halina klia, na unachokiona kitambaani ni rangi yenyewe ikiondoka.

Zamani hali ilikuwa nyingine. Kabla ya miaka ya 1920 magari ya rangi yalipakwa vanishi kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kwa majuma. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya kupulizia iliyokauka upesi, lakini ilihitaji kusuguliwa ndipo ing'are. Klia ilienea miaka ya 1980. Tabia ya kusugua kwa nguvu tumeirithi kutoka rangi za enzi zile, zilizokuwa na unene wa kuvumilia.

Mwisho huja nta. Iliyo bora kwangu ni carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti huo hujipaka nta wenyewe ili upepo wa joto usiunyang'anye maji. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80 za Selsiasi, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 60 na kitu, joto ambalo boneti ya rangi iliyokolea huweza kulifikia juani. Ipake nyembamba, nyembamba kuliko moyo unavyotaka, isubiri ifanye ukungu, uifute kwa maikrofaiba safi. Haitadumu mwaka. Kwa jua letu hudumu majuma tu, kisha unapaka tena, na hakuna ubaya, kwa kuwa nta ndiyo tabaka pekee unaloliongeza.

Mabaharia wa pwani hii walilijua jambo hili kabla ya gari la kwanza. Chini ya jahazi walipaka deheni ya chokaa na shahamu. Mbao za juu walizipaka mafuta ya papa zisipasuliwe na jua na chumvi, na wakarudia kila msimu. Mafuta hayo huitwa sifa, sauti ileile tunayotumia tukimtaja mtu kwa wema wake. Nikiinama asubuhi na kitambaa mkononi, harufu ya bahari ikija kutoka Raskazone, najiona niko katika safu moja na watu wale.

Boneti ya Carina yangu haijapuliziwa upya. Rangi iliyopakwa Japani mwaka 1998 ndiyo iliyopo mpaka leo, na tangu siku ile ya Ngamiani nimeisugua kwa kampaundi mara mbili tu.