Ndoo Inapopungukiwa Sukari

Haidromita inasoma 1.040 wakati hesabu ya mapishi ilisema 1.050. Ndoo ina lita 20, chachu imeshatiwa, povu limeanza kupanda, na mpikaji wa bia ya nyumbani anakimbilia kabatini kutafuta pakiti ya sukari. Angengoja kidogo. Katika visa vingi vya aina hii sukari haijapungua hata chembe. Kilichokosewa ni kipimo.

Namba hizo ni rahisi kuzielewa. Maji safi husoma 1.000, na sukari iliyoyeyuka ndani yake huipandisha namba hiyo. Wapikaji huhesabu tarakimu za mwisho kama pointi, kwa hiyo 1.040 ni pointi 40. Chachu ikianza kazi, sukari hugeuka alkoholi, ambayo ni nyepesi kuliko maji, na namba huporomoka. Ndoo inayosoma 1.020 siku ya tatu huenda ilianza na 1.060 au 1.035, na hakuna njia ya kujua kwa kuitazama tu. Rifraktomita nayo haifai hapo kama ilivyofaa mwanzoni, kwa sababu alkoholi hupotosha usomaji wake. Kipimo cha kuamini ni kile kilichochukuliwa kabla ya chachu kutiwa.

Hata hicho hudanganya, hasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kimiminika kikiwa na nyuzi 40, namba hupungua kwa takriban pointi 6. Ya pili huwapata wanaotumia dondoo ya kimea. Wao huchemsha mchanganyiko mzito katika sufuria ndogo, kisha huongeza maji baridi kwenye ndoo mpaka ujazo utimie. Usipokorogwa vya kutosha, mchanganyiko mzito hutuama chini, na anayechota juu anapima maji yenye utamu kidogo. Hapa hesabu ndiyo ya kuaminiwa. Kilo moja ya dondoo kavu ya kimea hutoa takriban pointi 370 katika lita moja; kilo 3 katika lita 20 lazima zifike karibu 1.055. Haidromita ikisema 1.038, koroga upya au uiache ndoo ilivyo. Chachu yenyewe itauchanganya mchanganyiko huo kadiri inavyochacha.

Upungufu wa kweli huwapata zaidi wanaoanzia kwenye nafaka. Kimea kilichosagwa chenga kubwa huficha wanga ndani. Maji ya kulowekea yakizidi nyuzi 75, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari huharibika haraka. Na wakati mwingine ni maji tu yamezidi: lita 23 zimeingia badala ya 20. Kimea kikishatolewa na chachu kutiwa, hakuna kurudi nyuma. Kinachobaki ni kuongeza.

Aongeze nini? Sukari nyeupe ya mezani ina nguvu, takriban pointi 384 kwa kilo katika lita moja, ni rahisi kupatikana, na chachu huila yote. Kasoro yake iko hapohapo: haiachi chochote nyuma. Kufidia pointi 10 katika lita 20 kunahitaji takriban gramu 520, na hapo sukari itakuwa kama moja ya tano ya chakula chote cha chachu. Alkoholi itapanda, lakini bia itakuwa nyepesi mdomoni na kavu. Wabelgiji wanaitaka hali hiyo kwa makusudi. Bia yao ya Westmalle Tripel hutumia sukari, na ndiyo maana bia yenye nguvu kiasi kile haimchoshi mnywaji. Kwa bia nyeusi nzito, dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Dondoo ya kimea hugharimu zaidi, lakini hurudisha kilichopotea kwa namna yake: sukari pamoja na vile visivyochachuka vinavyoipa bia mwili.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi huteleza. Pointi 10 mara lita 20 ni 200. Gawanya kwa 370, unapata gramu 540 za dondoo. Vizuri, ila dondoo haimwagwi ikiwa kavu. Unga ukitua kwenye bia iliyojaa gesi, povu hufumka na kumwagika sakafuni. Lazima uyeyushwe kwanza, na lita moja ya maji ya kuyeyushia, pamoja na dondoo yenyewe, inaongeza ujazo wa ndoo. Gramu 540 hizo zitaishia karibu 1.047. Ili kufika 1.050 kweli, zinahitajika karibu gramu 740. Kila kikombe cha maji kisicho cha lazima kinakula sehemu ya dawa.

Mchanganyiko huo uchemke dakika 10 kuua vijidudu, upoe mpaka ulingane na joto la ndoo, kisha umiminwe taratibu bila kurusha matone. Kabla ya uchachukaji oksijeni ni rafiki wa chachu. Baadaye huiharibia bia ladha. Wakati mzuri ni siku ya pili hadi ya nne, povu linapoanza kushuka, chachu ingali hai na nyingi. Sukari nyeupe ikitiwa nyingi mwanzoni, chachu huila kwanza kwa kuwa ni rahisi na huchelewa kushughulikia sukari ya kimea.

Kulisha kwa awamu si kioja. Kiwanda cha Dogfish Head cha Delaware, Marekani, hulisha bia yake ya 120 Minute IPA sukari kidogokidogo wakati inachacha, na hufikia alkoholi ya asilimia 15 hadi 20. Kilimanjaro nako, ndizi mbivu zilizopikwa huachwa zichachuke siku kadhaa ndipo uji wa kimea cha ulezi uingie kuwa pombe ya mbege, pamoja na magome ya mti wa msesewe ya kuleta uchungu.

Pengo likiwa chini ya pointi 5, mpikaji mwenye busara haigusi ndoo. Tofauti ya nusu asilimia ya alkoholi haihalalishi kufungua kifuniko na kukaribisha bakteria. Akiongeza, aandike pointi alizotia, maana bila hizo hesabu ya alkoholi itakuwa uongo. Na asikimbilie chupa: nyongeza hurefusha uchachukaji. Vipimo viwili vilivyopishana siku mbili au tatu vikisoma namba ileile, ndipo atie zile gramu 6 hivi za sukari kwa lita za kuleta gesi. Akiwahi, chupa zitapasuka.