Nzi Asiyefumuka: Kuanza Kuvua Trauti kwa Pesa Kidogo

Anayeanza kuvua trauti kwa nzi wa bandia, tena akiwa na pesa za kuhesabu, kwa kawaida huzimalizia kwenye fimbo. Fimbo inaonekana, inapigwa picha, inabebwa begani watu wakitazama. Nzi wananunuliwa kwa chenji iliyobaki, pakiti nzima kwa mpigo, na kufikia adhuhuri nusu yao wamefumuka. Mimi ningeigeuza hesabu hiyo. Samaki haoni fimbo yako. Anachokutana nacho ni ndoano yenye urefu wa sentimita moja au pungufu, iliyovishwa manyoya na uzi, na hapo ndipo jicho la mnunuzi linapaswa kufunzwa kwanza.

Kwa msomaji wa Kenya jambo hili liko karibu kuliko anavyodhani. Trauti si samaki wa asili huku: wale wa kahawia walitoka Uskoti, na mwaka 1905 Ewart Grogan akawapandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Leo trauti wamo katika mito mingi ya baridi inayoteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya: Chania, Thego, Sagana, Naro Moru. Na nzi wenyewe hufungwa nchini pia. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nzi waliofungwa kwa mkono kwa maduka ya Ulaya na Marekani, ambako nzi mmoja huuzwa dola mbili tatu. Mvuvi wa Thego anaweza kabisa kununua kazi ya jirani yake, mradi ajue kuitambua kazi nzuri.

Anza kichwani, pale nyuma tu ya tundu la ndoano, mfungaji anapomalizia uzi wake. Kichwa kizuri ni kidogo, laini, kimepakwa vanishi, na tundu liko wazi. Mfungaji asiye makini huutandaza mwili mpaka mbele. Akifika mwisho, nafasi imekwisha, naye anarundika uzi na manyoya juu ya tundu. Nzi wa namna hiyo utamlaani ukiwa ndani ya mto, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nailoni haipiti. Mwinue kwenye mwanga. Ukiona tundu limezibwa hata na unyoya mmoja, mrudishe.

Kisha mbane mwili kwa kucha mbili na ujaribu kuuzungusha, taratibu. Mwili ukizunguka juu ya chuma, uzi wa msingi haukutandikwa au ulitandikwa kwa mkono mlegevu, na meno ya samaki wa kwanza yatamaliza kazi hiyo ya kufumua. Muuzaji mwenye mali nzuri hachukii mteja kufanya hivi. Iburute pia ncha ya ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwaruza na kunasa, ni kali, ikiteleza, ni butu. Mwiba wake ubonyeze kwa koleo, samaki mdogo arudishwe mtoni bila kuchanika. Nawe ukijivua sikio, jambo ambalo hutokea, ndoano itatoka bila kwenda zahanati.

Vipimo vina utaratibu wake. Namba za ndoano huenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 12. Kwa nzi wa kuelea, mkia huwa na urefu unaokaribia shina la ndoano, na manyoya yanayozunguka shingo hufika mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa mdomo wa ndoano. Huhitaji rula. Mweke juu ya meza: aliyepimwa vizuri husimama kwenye ncha za manyoya na mkia, kikunjo cha ndoano kikigusa meza kwa shida. Aliyepimwa vibaya hulala ubavu, na majini atalala vivyo hivyo.

Manyoya hayo ya shingo ndiyo yanayotenganisha nzi wa kuelea wa bei rahisi na yule wa bei. Unyoya wa jogoo una vijinywele vigumu, vinavyong'aa, na ugumu huo ndio unaomshikilia nzi juu ya maji. Karibu na uti wa unyoya, vijinywele vingi huwa na ukungu laini, mweupeweupe, unaonyonya maji. Kwa majogoo wa kawaida eneo hilo la ukungu ni pana. Marekani kuna wafugaji waliochagua na kuzalisha majogoo kwa ajili ya kazi hii tu: manyoya marefu, membamba, yenye ukungu kidogo mno, kiasi kwamba unyoya mmoja unaweza kufunga nzi kadhaa. Manyoya hayo ni ghali, na mwenye kufunga kwa bei ya chini ana kila sababu ya kuyakwepa. Kwa hiyo mtazame nzi dhidi ya karatasi nyeupe: vijinywele vikionekana kimoja kimoja, sawa, vikionekana kama wingu, atazama baada ya mirusho michache.

Ndiyo maana namshauri mwenye mfuko mwepesi aanze na nzi wa kuzama. Trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwa tunutu wa wadudu wa mtoni, na tunutu wa bandia hahitaji jogoo wa kifahari. Mfano bora ni Pheasant Tail ya Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kusini mwa Uingereza. Sawyer hakutumia hata uzi. Alichukua nyuzi za mkia wa ndege aitwaye pheasant na waya mwembamba wa shaba, basi. Waya ukawa uzi, ukawa pia uzito wa kuzamisha. Hakuweka miguu, kwa kuwa tunutu aliowachunguza huibana miguu wanapoogelea. Kwa nzi wa aina hii, wembamba ni ubora. Wanunuzi hupenda mnono mwenye madoido, na wauzaji wanalijua hilo.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Omba nzi watatu wa aina moja na namba moja, uwapange sambamba. Mmoja mzuri anaweza kuwa bahati. Watatu wanaofanana kwa mkia, kiuno na kichwa wametoka kwa fundi.

Vifaa vilivyobaki havina haja ya maneno mengi. Mvuvi wa mshipi wa Pwani hurusha kwa uzito wa chubwi. Hapa chubwi hakuna. Uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki. Kwa hiyo namba ya mshipi ilingane na ya fimbo. Futi 9 namba 5 ndiyo fimbo anayouziwa karibu kila mwanafunzi, nayo inafaa bwawani. Kwenye kijito chenye vichaka, futi saba na nusu namba 4 itakupunguzia ugomvi na matawi. Nunua mshipi uliochongoka ncha zote mbili: upande mmoja ukichakaa, unaugeuza kwenye rili. Rili yenyewe isikuumize kichwa, kwani kwa trauti wadogo kazi yake ni kutunza mshipi tu.

Fimbo ya mtumba ni halali kabisa. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina mkwaruzo utakaoula mshipi wako. Unganisha vipande, utikise, usikilize: kiungo kinachogonga kimelegea.

Kwenye sanduku la kwanza ningeweka Pheasant Tail sita za namba 14 na 16, Hare's Ear nne, nazo za kuzama, na Adams mbili za kuelea, zilizofungwa kwa manyoya mazuri hata kama zimegharimu zaidi kuliko zile kumi. Kabla ya hayo yote, pesa ya leseni ya kuvua trauti iwe imeshawekwa kando, pamoja na kiingilio kama mto unaoutaka umo ndani ya hifadhi.