Barua Isiyohitaji Stempu

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza, "Prof, kwani stempu ilikuwa ya kazi gani?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Tulikuwa tukisoma Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979.

Ramatoulaye, mjane aliye edani, anamwandikia shogaye Aissatou. Darasa lilishikilia kwamba siku hizi angemtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, mambo yakaisha. Hapo ndipo penye kosa, ndugu msomaji. Riwaya inapokwisha, Aissatou mwenyewe yu karibu kuwasili. Barua haikuhitaji hata stempu! Kazi yake kuu ilikuwa kumpa mjane nafasi ya kuyapima maisha yake, ndoa na usaliti. Aissatou naye alipomwacha mumewe, hakupiga kelele, alimwachia barua.

Kwa hivyo, siililii posta. Lugha yetu imezoea kuhama: neno simu limetokana na Kiajemi, kwa maana ya waya, na leo twalitumia pasipo waya wowote. Ninacholilia ni ile subira ya kulitafuta neno. Barua za marehemu mama ninazo kwenye mkebe wa biskuti. Za wanangu sina hata moja. Simu yangu ilipoharibika mwaka jana, ilikwenda na jumbe zao zote.

Leo jioni nitawaandikia. Kwa kalamu.