Jengo, Neno na Hadhira: Uhifadhi wa Ukumbi wa Michezo

Ukumbi wa Michezo wa Taifa mjini Nairobi ulifunguliwa mwezi wa Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Kuta zake zimepata matunzo: baada ya ukarabati ulifunguliwa upya mwaka 2015. Lakini je, kuhifadhi ukumbi ni kuhifadhi kuta tu?

Historia yake yakanusha. Mwaka 1976, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi, iliyofasiriwa baadaye kwa jina la Mzalendo Kimathi, ilipewa siku chache tu katika ukumbi huo. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩthũ walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza kwa Kikuyu. Serikali ikauzuia mchezo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kilichohofiwa hapo si mbao, bali lugha iliyofahamika na hadhira yake.

Magharibi mwa Kenya chapatikana kipimo kingine. Mjini Kitale, makumbusho ya binafsi aliyoyaanzisha Stoneham mwaka 1926 yalizaa makumbusho ya umma yaliyofunguliwa mwaka 1974, na uwanjani mwake zimejengwa nyumba za jadi za jamii za eneo hilo. Nyumba zipo, ila hazisemi. Kwa Wabukusu wa Bungoma hali ni kinyume. Katika kumuse, hotuba itolewayo baada ya maziko ya mzee aliyeheshimika, msemaji hutembea huku na huko mbele ya umati akisimulia historia ya jamii, akifariji na kuonya. Hapana pazia wala tikiti. Umati utawanyikapo, uwanja hurudi kuwa uwanja, na kinachodumu ni neno.

Yaweza kudaiwa kwamba kumuse ni ibada, si tamthilia. Hoja hiyo ina uzito, kwani mfiwa si mtazamaji. Hata hivyo msemaji, uwanja, hadhira na kanuni za usemaji vyote vimo, navyo ndivyo viufanyavyo ukumbi wowote uwe ukumbi.

Kwa hiyo ukarabati wa 2015 ni nusu ya kazi. Nusu iliyosalia yazihusu idara za lugha: kukusanya miswada, kanda za sauti na kumbukumbu za waigizaji na watazamaji, wa Nairobi na wa Bungoma vilevile, katika lugha zilizotumika. Bila hayo, ukumbi utakuwa kama nyumba zile za Kitale: wa kutazamwa, si wa kusikilizwa.