Mwashi Aingie Darasani

Mwezi wa Februari, kaskazi inapoanza kulegea na jua la pwani linaposimama utosini, madarasa mengi kuanzia Mtwara hadi Malindi hayakaliki baada ya saa sita. Kuta ni za matofali ya saruji, bati liko tupu bila dari, na madirisha yameelekezwa machweo kana kwamba aliyechora ramani alikuwa na kisa na watoto wa zamu ya mchana. Chini ya bati hilo mwalimu wa sayansi huandika ubaoni jinsi joto linavyosafiri, na wanafunzi wa miaka 12 au 13 hunakili huku jasho likidondokea daftari. Hakuna anayewaambia wainue macho. Somo likifika kwenye nishati ya nyumbani, hubaki maagizo mawili matatu: zima taa, chomoa chaja, funga friji vizuri. Maagizo hayo si mabaya, ila yamemwachia mtoto mwisho wa hadithi na kumficha mwanzo wake. Nyumba huamua itakula umeme kiasi gani siku ile mwashi anapopigilia vigingi na kuvuta uzi. Ndiyo maana mwalimu wa kwanza wa somo hili alipaswa kuwa mwashi wa pwani, yule aliyejenga nyumba ikakaa baridi miaka mia kadhaa kabla ya nguzo ya umeme kufika mtaani.

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la sita. Kiyoyozi kidogo cha chumbani hutumia takriban wati 900; kikiunguruma mfululizo saa 8 usiku kimekula uniti 7.2 za LUKU, yaani za mita ya umeme wa kulipia kabla. Feni ya darini ya wati 70, kwa saa hizo hizo, haifikishi hata uniti 0.6. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 nzima hutumia kama uniti 0.1 tu. Kwa maneno mengine, kiyoyozi hicho kwa usiku mmoja kinameza umeme ambao ungeiwasha balbu ile kila usiku kwa zaidi ya miezi miwili. Tumemfundisha mtoto kuikimbilia balbu, na tukanyamaza kuhusu chumba kilichojengwa vibaya hadi hakilaliki bila mashine. Akijua kugawanya na kuzidisha, atauliza mwenyewe kwa nini nyumba ya bibi yake haikuhitaji mashine hiyo, na jibu la swali hilo lipo kazini kwa mwashi.

Kazi hiyo ilianzia mikokoni. Miti iliyokatwa visiwani Lamu na kwenye delta ya Rufiji ilipangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na mingine ikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako nako ilibeba dari za nyumba. Boriti nzuri, iliyonyooka, haizidi sana mita tatu. Kipimo hicho ndicho kilichotawala kila kitu. Chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti yake, hivyo vyumba vya Lamu, Pate, Gede na Songo Mnara vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Usam Ghaidan, msanifu aliyechapisha utafiti wake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975, aliieleza vizuri mipango hiyo: daka mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, vyumba virefu vinavyokielekea kiwanda, kisha ndani. Mwashi hakuililia boriti ndefu zaidi, wala hakuiagiza kutoka ng'ambo. Aliipokea mipaka ya mti, akaigeuza kuwa mpango wa nyumba ambamo hewa ina njia na jua halina. Kumfundisha mtoto jambo hilo moja, kwamba malighafi iliyopo ndiyo huanza kuchora nyumba, kunazidi kurasa nyingi za kitabu cha sayansi.

Halafu ikaja chokaa, na hapa ndipo ufundi unapostahili kusifiwa taratibu. Magogo yalipangwa kwa mduara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa. Mawe yalipotoka meupe na mepesi yalinyweshwa maji, yakafunikwa, yakaachwa. Kuachwa huko kulikuwa kazi. Chokaa iliyoharakishwa hupasuka ukutani. Iliyosubiriwa wiki, na kwa wenye subira miezi, hulainika na kushika. Wakati wa sakafu ya juu ulipofika, boriti zilipangwa, mawe yakalazwa juu yake, zege la chokaa na kokoto likamwagwa, kisha watu wakakaa kwa safu na vipande vya mti mkononi, wakilipiga siku baada ya siku kwa wimbo hadi maji yatoke na uso ushikane. Wimbo haukuwa pambo. Ulihakikisha mikono yote inashuka pamoja, na sakafu iliyopigwa kwa mwendo mmoja haikuvuja. Leo tunamwaga zege asubuhi, jioni tunaulizana lini mabati yanapanda, na mvua za masika zikifika tunatafuta ndoo.

Kuna anayedhani ukuta mnene wa nusu mita ndio siri yote. Sivyo. Pwani kuna unyevu, na joto la usiku halitofautiani sana na la mchana, kwa hiyo ukuta peke yake ungeweza kulihifadhi joto na kumrudishia mwenye nyumba wakati wa kulala. Waashi walilijua hilo bila kipimajoto. Waliusogeza mtaa ukawa mwembamba, kwa Lamu kiasi cha punda mwenye mzigo kupita kwa taabu, ili nyumba zitiliane kivuli. Mahali pengine wakaunganisha nyumba mbili kwa wikio juu ya njia, na mpita njia akapata kivuli cha bure. Waliacha madirisha machache upande wa mtaa na kuifungua nyumba kwa ndani, kiwandani, ambako hewa ya moto hupanda na kutoka. Wakapandisha paa la makuti juu ya sakafu ya juu, likiwa limeinuliwa, upepo unapita katikati. Nyumba nyingi za mawe za Lamu zimeelekezwa kaskazini. Wengi huitaja kibla, na ni kweli, lakini jua la asubuhi na la jioni, ambalo katika nchi za ikweta ndilo linaloingia dirishani na kuumiza, nalo limezuiwa papo hapo. Mambo yote anayotakiwa kujua mwanafunzi kuhusu ujenzi usiochosha dunia, kivuli, mwelekeo, mwendo wa hewa, uzito wa ukuta, yamo katika nyumba moja anayoweza kuitembelea na darasa lake akarudi kabla ya adhuhuri.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba nyumba hizo zilikuwa za waungwana na matajiri, na kwamba mikono mingi iliyobeba mawe yake ilikuwa ya watumwa. Mtoto aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta. Lakini busara ya ujenzi haikuwa mali ya ghorofa peke yake. Nyumba ya udongo na fito ya Ng'ambo ya Unguja au Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyoezekwa makuti, ilikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, na ukumbi huo ndio ulioivuta hewa ipite kati ya vyumba. Ilikuwa na upenu mrefu uliofunika ukuta na baraza, ukiikinga mvua na jua kwa pamoja. Fundi wake hakuwa na jina wala mlango wa nakshi, ila alijua kusi inavuma kutoka wapi.

Pingamizi zito zaidi ni la mazingira yenyewe. Chokaa ilikula kuni, boriti ilikula mikoko, na matumbawe laini ya kuchongea zidaka, vishubaka vya ukutani, yalikatwa baharini yakiwa hai. Leo mikoko ni ngome ya fukwe na makulia ya samaki, na hakuna mwenye akili atakayewataka watoto wakakate matumbawe. Hilo ni kweli kabisa, na haliibomoi hoja yangu. Linaipa somo lake la pili. Kinachostahili kurithiwa ni fikra ya mwashi, si lazima mawe yake. Tena mtoto alinganishe kwa haki: chokaa huiva kwenye joto la nyuzi kama 900, saruji hudai takriban 1,450, na saruji ya dunia nzima huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu. Ajifunze kwamba kila ukuta una gharama isiyoandikwa kwenye risiti, wa zamani na wa sasa, kisha aulizwe ni upi unaodumu kiasi cha kustahili gharama yake. Nyumba iliyotumia moto mara moja ikakaa karne mbili si sawa na nyumba inayodai umeme kila usiku.

Na bati? Bati limeonewa vya kutosha na wapenda makuti. Bati halishiki moto, halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, linavuna maji ya mvua, na kwa familia nyingi ndilo paa pekee lililo ndani ya uwezo wao. Kosa liko kwa anayeliweka chini, bila dari, bila tundu la kutolea hewa, bila upenu. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hilo kwa maboksi mawili, kipande cha bati, kipande cha kuti lililosukwa, na kipimajoto cha bei ndogo. Siku ya pili walipake bati rangi nyeupe, ya tatu walitilie dari ya mkeka, wapime tena. Watakapoona namba zikishuka, hakuna atakayehitaji kuhubiriwa.

Uzembe wa kisasa hauonekani wazi popote kama pale tunapozitengeneza nyumba za kale zenyewe. Mwenye nyumba huona lipu ya chokaa imechakaa, humwita fundi wa karibu, naye hupiga lipu ya saruji kwa siku mbili na kuondoka. Ukuta wa chokaa ulikuwa ukinywa unyevu na kuutoa; saruji huufungia mlango. Maji hubaki ndani, chumvi hupanda, lipu mpya hubanduka, na ncha za boriti ndani ya ukuta huoza kimya kimya. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, lakini cheti hakimzuii fundi asiyeijua chokaa kupanda ngazi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 lililotangulia majengo yote ya Zanzibar kuwashwa taa za umeme, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la aina hiyo linataka fedha, ni kweli, na linataka pia mikono inayozidi kupungua kila mwaka.

Mitaala haina kisingizio tena. Kenya ilifungua sekondari msingi mwaka 2023, darasa la saba hadi la tisa, na ndani yake kuna masomo ya awali ya ufundi. Tanzania imerudisha mkondo wa amali, miongo kadhaa baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kusema jambo linalofanana. Mlango uko wazi, ila anayeupita ni mwalimu aliyepewa kitabu, si fundi. Huambiwa fundi hana cheti. Lakini VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwatambua, hivyo hata hilo lina dawa. Wengine watasema mtihani wa taifa hauulizi habari za daka wala upenu. Basi uulize, mtihani haukushuka kutoka mbinguni. Mtoto wa miaka 13 leo, kabla hajafika 40, atakuwa amejenga, amenunua au amepanga nyumba, na uamuzi wake wa siku hiyo ataulipia uniti kwa uniti maisha yake yote.

Walimu wakuu wa Lamu, Pate, Unguja, Bagamoyo na Kilwa, waashi wazee wa aina hii wako mtaa wa pili kutoka shuleni kwenu, na hawataishi milele. Waiteni muhula huu, waje na timazi na mwiko, na mwalipe posho ya siku kama mnavyomlipa msimamizi wa mitihani.